Kipato cha Kati na Maendeleo Duni kwa Pamoja

Swali: Inakuwaje Tanzania iitwe nchi ya kipato cha kati huku ikitajwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi?

Jibu: Majina hayo hutolewa na taasisi mbili zinazopima mambo tofauti. Benki ya Dunia hutazama pato la taifa kwa kila mtu, yaani mapato ya wananchi wote kwa mwaka yakigawanywa kwa idadi yao, na Julai 2020 iliiweka Tanzania katika kipato cha kati cha chini kwa kuwa wastani wake wa mwaka 2019, dola 1,080, ulivuka kiwango cha dola 1,036, tofauti ya dola 44 tu. Wastani, hata hivyo, haumwekei mtu fedha mfukoni, kwani mkulima wa jembe la mkono na mwenye hoteli ya kitalii huhesabiwa katika fungu moja. Umoja wa Mataifa, ulioanzisha orodha yake ya nchi zenye maendeleo duni zaidi mwaka 1971, hupima pia afya, elimu na udhaifu wa uchumi mbele ya misukosuko, na hadi mwaka 2024 Tanzania ilikuwa bado ndani ya orodha hiyo, ilhali Kenya haimo. Ama “ulimwengu wa tatu”, jina jingine linalotumiwa kwa nchi kama hizi na ambalo lilibuniwa na Mfaransa Alfred Sauvy mwaka 1952 enzi za Vita Baridi, halina kipimo chochote cha kitakwimu nyuma yake.