SOMO LA AFYA: KIPANDAUSO HUWASHIKA VIJANA WA KIUME PIA

Leo tujifunze juu ya kuumwa kichwa. Hatusemi kile cha jua la mchana, ambacho hupoa ukinywa maji na kukaa kivulini. Tunasema kile kikali, kinachomfanya kijana mwenye nguvu aache jembe shambani akajifungie chumbani gizani.

Kijana huyo husemwa sana. Wako wasemao ni mvivu, wengine, ati ni pombe ya jana, wengine, karogwa. Mwenyewe huenda dukani kununua dawa mseto ya malaria, akaimeza siku 3 bila kupimwa damu. Kichwa kinapoa. Basi anaamini ilikuwa malaria. Mwezi unaofuata kinarudi, naye anarudi dukani.

Hapa tutulie kidogo. Kipandauso kisipotibiwa humkaa mtu mzima kwa muda wa saa 4 hadi 72. Saa 72 ni siku ngapi? Ni siku 3! Kwa hiyo kichwa kingeweza kupoa chenyewe, lakini sifa imechukuliwa na dawa.

Wengi hudhani huu ni ugonjwa wa akina mama. Kweli wao hushikwa zaidi, mara 2 hadi 3 kuliko wanaume. Lakini katika kila wanaume 100, wapatao 6 hadi 10 wanao, na mara nyingi huwaanza ujanani. Kijiji chenye wanaume 300 huweza kuwa nao 18 hadi 30. Si wachache hao. Tena kichwa cha kawaida cha uchovu, ingawa hushika watu wengi zaidi, ni mara chache kumlaza mtu. Ndiyo maana kijana mwenye kichwa kikali kinachokuja na kuondoka, na katikati yake ni mzima kabisa, inafaa tufikirie kipandauso mapema.

Mara nyingi hugonga upande mmoja, huzidi akitembea au akiinama, huleta kichefuchefu au kutapika, na mwanga na kelele humkera. Wengine kabla yake huona vimulimuli.

Ameze parasetamoli mara kinapoanza, asingoje kizidi, kisha alale penye giza. Lakini asiizoee: anayemeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, dawa zenyewe huweza kumletea kichwa kingine. Kikimrudia mara kwa mara, zipo dawa za kukizuia. Akaulize kituo cha afya.

Kukiwa na homa, apimwe malaria. Na shingo ikikaza, au mkono na mguu wa upande mmoja ukalegea, au kichwa kimeanza ghafla kwa nguvu zote, au kimemshika baada ya kuanguka, hapo hakuna kungoja. Hospitali siku ile ile.

Sasa kazi yetu sisi tuliojifunza kuandika. Mganga hamkuti mgonjwa wakati kichwa kinagonga. Anategemea maelezo tu. Kwa hiyo kijana awe na daftari, akaandike hivi:

Jumanne, tarehe 4. Kimeanza saa 3 asubuhi, upande wa kushoto. Nimetapika mara 2. Jana sikula usiku, nimelala saa chache. Nimemeza parasetamoli vidonge 2. Kimekwisha Jumatano mchana.

Baada ya miezi 2 au 3 alichukue daftari lake, aende nalo zahanati.