Kufundisha Safari ya Ugonjwa Mwilini: Mfano wa Malaria Kutoka Muheza

Wanachuo wengi waendapo katika mazoezi ya kufundisha huliona somo la magonjwa kuwa jepesi. Ugonjwa una jina, una kisababishi, una dalili na una kinga; mambo hayo manne huandikwa ubaoni, wanafunzi huyanakili, na kipindi huisha. Tumeketi nyuma ya madarasa mengi tukiutazama ubao wa namna hiyo. Siku moja, katika shule iliyo nje kidogo ya mji wa Muheza, mwanachuo aliyekuwa akifundisha Darasa la V alikuwa amekwisha kuorodhesha dalili za malaria kwa mwandiko mzuri: homa, kutetemeka, kuumwa kichwa, kutapika, degedege. Msichana mmoja akasimama, akauliza: "Mwalimu, mdudu yumo katika damu. Mbona mtoto anakakamaa na kupoteza fahamu?"

Mwanachuo alifikiri kidogo, kisha akajibu kwamba swali hilo halimo katika muhtasari. Msichana akaketi. Nyuma yake wavulana wawili walinong'onezana kuwa degedege haliletwi na mbu hata kidogo, huletwa na dege apitaye usiku juu ya nyumba.

Tungependa wanachuo walitafakari swali la msichana yule, maana halikuwa la kupoteza wakati. Watoto wa Darasa la V ndio wanaobakia nyumbani na wadogo zao wakati mama yuko shambani au gulioni. Mtoto aliyekariri orodha ya dalili anajua kwamba degedege ni miongoni mwazo; hajui kwa nini mdogo wake apelekwe hospitali jioni hii hii wala si kesho asubuhi. Orodha haina haraka. Anayeifahamu njia ambayo ugonjwa unapita mwilini ndiye anayeijua haraka hiyo inatoka wapi.

Wako watu ambao kazi yao ni kujibu maswali ya namna hiyo. Muuguzi anaporudi chuoni kusomea shahada ya uzamili, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, mojawapo ya elimu zinazomtoa jasho ni pathofiziolojia, yaani elimu ya namna ugonjwa unavyozivuruga kazi za mwili. Si elimu ya majina ya magonjwa. Majina alikwisha kuyajua tangu alipoanza kazi wodini. Hapa huwekewa mbele mgonjwa: mtoto wa miaka 3, ana homa ya siku mbili, viganja vyake vimepauka, anahema kwa kina, haitiki aitwapo. Kisha huulizwa juu ya kila dalili: imetokana na nini? Na hicho nacho kimetokana na nini? Naye hana budi kurudi nyuma hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja, mpaka afike kwenye chanzo. Akiruka hatua, atakosea dawa.

Hatusemi kwamba mwalimu wa shule ya msingi afundishe pathofiziolojia. Tunasema aazime mwendo wake wa kuuliza.

Na kwa mwalimu wa Muheza mfano haupatikani mbali. Huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha uchunguzi wa kilimo na viumbe mwaka 1902, na baadaye mahali hapo pakawa mashuhuri kwa uchunguzi wa malaria. Wachunguzi wa zamani wa ugonjwa huu walikuwa na desturi ya kuingia mashuleni na kupapasa matumbo ya watoto ili kujua ni wangapi waliovimba bandama. Hospitali Teule ya Muheza nayo ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya nchi 9 za Afrika vilivyolinganisha dawa mbili za malaria kali kwa watoto 5,425. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa waliofariki miongoni mwa waliopewa kwinini walikuwa asilimia 10.9, na miongoni mwa waliopewa artesunati asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri artesunati itumike kwa watoto wenye malaria kali. Basi mtoto wa Muheza anaposoma malaria anasoma habari ya kwao.

Sasa tuifuate safari yenyewe. Mbu jike wa jamii ya anofelesi anapouma huacha vimelea katika damu. Vimelea hivyo haviketi katika damu; hukimbilia kwenye ini na kuzaliana humo kwa muda wa kama juma moja, na mtoto bado anacheza mpira kama kawaida. Hapa mwalimu asimame kidogo, kwa sababu wanafunzi hudhani mtu huumwa siku ile ile aliyoumwa na mbu. Vikitoka katika ini huingia katika chembe nyekundu za damu. Kila kimelea hula ndani ya chembe, hugawanyika, na baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka na kumwaga vimelea vipya. Kupasuka huko kwa chembe nyingi ndiko kunakoleta homa na baridi ya kutetemeka. Chembe nyekundu iliyo nzima huishi siku 120 hivi. Hizi zimekufa kabla ya wakati wake, nazo ndizo zinazobeba oksijeni. Ndiyo maana viganja hupauka. Viungo vikikosa oksijeni hutengeneza asidi, na mwili hujitahidi kuitoa kwa kuhema kwa kina. Dalili nne zilizoonekana kama ndugu wasiojuana zimekwisha kuonekana kuwa za ukoo mmoja.

Limebaki swali la msichana, nalo ndilo gumu. Bandama ni chujio la damu: chembe iliyoharibika ikipita humo hukamatwa. Kimelea cha malaria kali kina hila ya kuikwepa bandama. Huifanya chembe iliyokihifadhi iote vinundu vinavyonata, nayo hugandamana na kuta za mishipa midogo kabisa isiende tena na mzunguko. Mishipa hiyo ni myembamba mno. Chembe nyekundu upana wake ni kama sehemu 7 au 8 za elfu moja ya milimita, na mara nyingi haina budi kujikunja ili ipite. Zikiganda chache, njia huziba. Zikiganda katika ubongo, mtoto hupoteza fahamu na kukakamaa. Tena sukari ya damu huweza kushuka, na homa kali yenyewe huweza kuleta mtukutiko kwa mtoto mdogo. Kwa hiyo degedege lina njia zaidi ya moja, na mwalimu aseme hivyo waziwazi.

Zana ya kufundishia hatua hii tumeijaribu na imefaa. Tafuteni vikonyo viwili vya majani ya mpapai, vile ambavyo watoto hutengenezea filimbi, na mvikate karibu na jani ambako tundu ni jembamba. Vikateni siku moja kabla na mvioshe, maana utomvu wa mpapai huwasha ngozi na ni hatari machoni. Katika kikonyo cha kwanza mimineni choroko kavu mkiwa mmekiinamisha: zitapita zote. Kisha chukueni choroko tano au sita, mzivingirishe katika ulimbo wa fenesi, mzichanganye na zilizo kavu, na mmimine katika kikonyo cha pili. Zenye ulimbo zitanasa, na zilizo kavu zitajipanga nyuma yake zishindwe kupita, ingawa zenyewe hazina kasoro yoyote. Hapo ndipo darasa hulipuka kwa maneno. Pasueni kikonyo kwa urefu wake ili waone mahali ziliponasa. Ulimbo utoeni mikononi kwa mafuta ya nazi. Maji matupu hayafui dafu.

Zana hii ina upungufu, na upungufu wenyewe ni sehemu ya somo. Kikonyo ni kitu kisicho na uhai, mshipa u hai. Choroko haijikunji. Ulimbo tumeupaka sisi kwa nje, lakini katika mwili ni kimelea kilichomo ndani kinachoifanya chembe inate. Waulizeni wanafunzi wataje wenyewe mahali ambapo mfano hauafikiani na kitu chenyewe. Darasa lililozoea kuuliza hivyo halidanganywi upesi na mfano mzuri.

Na hapa tunafika kwenye jambo ambalo pengine ni zito kuliko yote tuliyoyasema. Mnyororo wa sababu waweza kuwa mzuri, kila pete imeshika nyenzake, na bado hitimisho lake likawa kosa. Kwa miaka mingi waganga na wauguzi walifundishwa hivi: mtoto mwenye homa kali ambaye mikono na miguu yake ni baridi na mapigo yake dhaifu, damu yake haizunguki ya kutosha, ukimpa maji mengi kwa haraka kwa njia ya mshipa, mzunguko utajaa na ataokoka. Nani angepinga? Tangu mwaka 2009 fikira hiyo ilipimwa katika hospitali 6 za Uganda, Kenya na Tanzania, na Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa mojawapo. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa kwa haraka maji ya chumvi, la pili maji yenye albumini, na la tatu halikupewa maji ya haraka, ila matibabu mengine yote lilipata. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, na mwaka 2011 matokeo yakatangazwa: katika saa 48 za mwanzo walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka. Kilichodhaniwa kuwa wokovu kiliongeza vifo.

Wengi walikisia kwamba maji yalijaa mapafuni. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2013 ukaonyesha kuwa vifo vya ziada vilitokana zaidi na kuanguka kwa mzunguko wa damu wenyewe. Hata kisio la pili, ambalo nalo lilikuwa na mantiki yake, halikusimama.

Tunawaomba wanachuo wasiitumie habari hii ovyo. Watoto wanaoharisha na kuishiwa maji, na wale wenye utapiamlo mkali, hawakuwamo katika utafiti huo. Mwalimu akisema darasani kwamba "maji huua wagonjwa", atakuwa ametenda dhambi kubwa kuliko ya yule aliyesema kuwa swali halimo katika muhtasari. Mtoto anayeharisha apewe maji yenye chumvi na sukari maalumu, na elimu hiyo haijabadilika. Habari ya mwaka 2011 yafaa zaidi kwa Darasa la VI na la VII, tena baada ya somo la vikonyo, ili ile "kwa nini?" waliyoizoea ipate mwenzake, "tumejuaje?".

Maswali hayo mawili ndiyo yatakayowasaidia pia wavulana wawili wa nyuma. Mwalimu asiwacheke, wala asiwatukane wazee wao. Waliolihusisha degedege na dege walitazama vizuri: waliona macho yanavyopinduka, viungo vinavyopigapiga kama mabawa, na jinsi jambo lenyewe linavyokuja ghafula. Andikeni ubaoni yale waliyoyaona, kwa maana ni kweli. Kisha ulizeni: kutoka kwa dege hadi kukakamaa, kuna hatua gani katikati, na tunaweza kuipima kwa njia gani? Kutoka kwa kimelea hadi kukakamaa, hatua ni zipi, na tunazipima vipi? Tone la damu likitazamwa kwa hadubini, kimelea huonekana. Waacheni walinganishe wenyewe. Hofu ya baadhi ya wazazi kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa izungumzwe kwa upole vivyo hivyo. Aliyecheleweshwa nyumbani siku mbili hufika hospitali akiwa hoi, na akifariki baada ya sindano, sindano ndiyo inayolaumiwa. Wanafunzi wa Darasa la VI huweza kabisa kuligundua kosa hilo la kufikiri wakipewa nafasi.

Katika andalio la somo tengeni dakika kumi za mwisho kwa matendo. Mtoto akikakamaa, alazwe ubavu mahali pasipo vitu vigumu, nguo za shingoni zilegezwe, asitiwe kijiko wala kidole kinywani, asinyweshwe dawa wala maji mpaka fahamu zimrudie. Apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama ametulia njiani, kwa kuwa kifafa na homa ya uti wa mgongo navyo huleta hali ya namna hiyo, na kwa macho tu hakuna awezaye kuvitofautisha na malaria. Mwanafunzi mmoja alale juu ya mkeka, wenzake wamgeuze kwa zamu, na kila anayemgeuza aseme kwa sauti sababu ya kufanya hivyo: ulimi na matapishi visimzibe koo. Sisi tulipofanya zoezi hili, msichana aliyeuliza swali ndiye aliyegeuza wa kwanza. Akauliza tena kama mgonjwa alazwe ubavu wa kulia au wa kushoto. Tulimjibu kwamba kilicho muhimu ni koo liwe wazi, naye akaenda kuuandika jibu hilo katika daftari lake, chini ya ile orodha.