SOMO LA VIDONGE VYA KUTULIZA MOYO NA HUKUMU YA KUVIDUMISHA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Himdi zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyejaalia maradhi na akajaalia dawa zake. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake.

Amma baada. Somo hili ni la kubainisha mambo matatu: hofu iliyo maradhi, vidonge wanavyopewa wenye maradhi hayo, na hukumu ya mtu aliyevimeza muda mrefu hata mwili wake ukawa hauwezi kuviacha. Mambo haya yamewafika watu wengi, nao huona haya kuyauliza.

FASLI YA KWANZA: YA KUWA HOFU HUWA NI MARADHI

Yapasa kujua ya kwamba killa mtu huona hofu, na hofu yenye sababu ni neema, kwani humkinga mtu na hatari. Lakini iko hofu isiyo na sababu, au iliyozidi sababu yake. Hukaa na mtu usiku na mchana. Moyo humwenda mbio, kifua humbana, usingizi humruka, na katika sala husahau hesabu ya rakaa. Hofu ya namna hii ni maradhi kama homa ilivyo maradhi.

Wako watu wamwambiao mgonjwa huyu ya kwamba imani yake ni dhaifu. Maneno haya hayana asili. Nabii Yaakubu (A.S.) alimhuzunikia mwanawe hata macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume mteule. Na imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kwa njia ya Anas bin Malik, ya kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akikithirisha kumwomba Mola wake amkinge na hamu na huzuni. Basi mambo haya humfikia Muumini, wala si aibu kwake.

Wanavyuoni wa zamani walilijua jambo hili. Abu Zaid al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 wa Hijra (934 wa Miladi), alitunga kitabu cha maslaha ya miili na nafsi. Katika maradhi ya nafsi alitaja hasira, na hofu, na huzuni, na wasiwasi, akayapambanua moja moja. Tena alifundisha ya kwamba mtu aweke akiba ya fikira njema katika siku za uzima wake, apate kuzitumia siku ya hofu, kama watu wawekavyo dawa nyumbani kabla ya ugonjwa kuingia.

FASLI YA PILI: ASILI YA VIDONGE HIVI

Katika miaka 50 ya kwanza ya karne ya ishirini, dawa kubwa ya kutuliza na kulaza ilikuwa ile iitwayo babiturati. Dawa ile ilikuwa na khatari kubwa: aliyezidisha kipimo pumzi zake zilikatika akafa. Kisha mkemia Leo Sternbach, aliyekuwa akifanya kazi New Jersey katika nchi ya Marekani, aligundua dawa za ukoo mwingine, ziitwazo benzodiazepini. Ya kwanza, Librium, ilitoka mwaka 1960. Ya pili, diazepamu, ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Valium. Matabibu wakafurahi, kwani aliyezimeza peke yake, hata akizidisha, hakufa upesi kama kwa dawa za kwanza. Katika miaka ya 1970 Valium ikawa miongoni mwa dawa zilizoandikwa zaidi Marekani.

Lakini onyo lilitangulia mapema. Mwaka 1961 tabibu Leo Hollister alieleza habari za wagonjwa waliopewa Librium kwa wingi kisha wakakatiwa kwa ghafula. Wengi wao walipatwa na misukosuko, na baadhi yao degedege. Onyo hili halikusikiwa na wengi. Mwaka 1988 halmashauri ya usalama wa dawa ya Uingereza iliwaagiza matabibu wasiwape wagonjwa wa hofu dawa hizi zaidi ya wiki 2 mpaka 4. Na mwaka 2020 serikali ya Marekani iliamuru lizidishwe juu ya dawa hizi onyo kubwa la uzoevu na la khatari ya kuziacha ghafula.

Pamoja na haya, haifai kusema ya kwamba dawa hizi ni shari tupu. Diazepamu huokoa roho ya mwenye degedege isiyokoma, na huwafaa wengine kwa siku chache za shida. Khatari imo katika kuidumisha, na katika kuikata kwa pigo moja.

FASLI YA TATU: JINSI MWILI UNAVYOZOEA

Katika ubongo mna kitu cha asili kiitwacho GABA, na kazi yake ni kupoza mishipa ya fahamu isipite kiasi. Kidonge hukizidisha nguvu kitu hicho, na kwa hivyo mtu hutulia. Lakini mwili hujirekebisha: ukiona upozaji umezidi, huulegeza upande huo na kuukaza upande wa pili. Ndipo kipimo cha jana kisipotosha leo.

Mfano wake ni mashua yenye upepo mkali. Mabaharia huenda wote wakakaa upande wa juu ili chombo kisilale. Upepo ukipungua kidogo kidogo, hurudi mmoja mmoja, na chombo husalimika. Upepo ukikata ghafula nao wote wako upande ule, chombo huwapindukia. Upepo ni kidonge, na mabaharia ni mwili uliojipanga kwa ajili yake.

Na tuseme mwanamke amefiwa na mumewe, akakosa usingizi, akapewa vidonge vya wiki 2. Vilipokwisha akanunua vingine kwa muuza dawa, bila kutazamwa tena na tabibu. Eda ya miezi 4 na siku 10 ikaisha, vidonge havikuisha. Miaka 3 ikapita. Siku moja nduguye akaviona, akamwambia: "Dada, hivi ni vileo. Vitupe, umtegemee Mungu." Akavitupa. Siku chache baadaye akatetemeka, akatokwa na jasho, hofu ikamrudia maradufu, kisha akaanguka kwa degedege. Watu wa nyumbani wakasema ni pepo, wakamwita mganga.

Katika mfano huu wamekosa watu watatu: muuza dawa aliyeuza bila cheti, ndugu aliyetoa hukumu bila elimu, na mganga aliyemchelewesha asipelekwe hospitali. Ama mwanamke, yeye ni mgonjwa, na haki yake ni kuhurumiwa.

FASLI YA NNE: HUKUMU YAKE

Katika madhehebu ya Imam Shafi ni sunna mgonjwa kujitafutia dawa. Ama vitu vikavu vyenye kupumbaza akili, kama afyuni na banji, wanavyuoni wamevitenga na khamri: havina najisi, wala havina hadi, lakini kuvitumia kwa anasa hata akili ikaghibu ni haramu. Na kwa ajili ya kutibu, kwa kauli ya tabibu mjuzi mwaminifu, huruhusiwa kwa kadiri ya haja. Vidonge hivi hupimwa kwa kanuni hiyo. Mwenye kuvimeza kwa amri ya tabibu na kwa kipimo chake hana dhambi. Mwenye kuvitafuta apate kulewa, au kuvitia katika kinywaji cha mwenziwe ili amwibie, ametenda haramu iliyo wazi.

Imebaki hukumu ya aliyekwisha kuzoea. Jambo hili si geni. Sheikh Ibn Hajar al-Haitami, imamu mkubwa wa madhehebu haya, aliyekufa Makka mwaka 974 wa Hijra, aliulizwa juu ya mtu aliyezoea afyuni hata akawa akiikosa huangamia. Jawabu lake lina mambo mawili. La kwanza, ikiwa amejua kwa yakini ya kuwa ataangamia, basi kuila ni halali kwake, bali ni wajibu, kwa dharura ya kuhifadhi roho, kama mzoga kwa aliyeshikwa na njaa. La pili, ni wajibu wake aipunguze kidogo kidogo mpaka tumbo liisahau bila ya kutambua. Na akiacha kupunguza, ana dhambi.

Tazama, ewe msomaji, jinsi fatwa hii ya zaidi ya miaka 400 ilivyoafikiana na kauli ya matabibu wa leo. Tabibu Heather Ashton wa Newcastle, Uingereza, aliongoza kliniki ya watu wa namna hii tangu mwaka 1982 hata 1994, naye alifundisha kupunguza polepole, kwa mwendo anaouweza mgonjwa mwenyewe. Kipimo kinachotajwa sana ni kutoa sehemu 1 katika 20 mpaka sehemu 1 katika 10 ya dawa anayoimeza, kisha kungoja wiki 2 mpaka 4 kabla ya kupunguza tena. Mwenye kumeza miligramu 10 kwa siku hushuka kwenye 9 au 9 na nusu, akatulia hapo kwanza. Kazi hii huchukua miezi, na pengine mwaka na zaidi, nayo yataka tabibu wa kuisimamia. Asiyeweza kushuka wiki hii na asimame alipo. Kusimama si kushindwa.

FASLI YA TANO: MAS-ALA

Suali: Aliyemeza kidonge usiku akapitiwa na sala ya Alfajiri, ana nini juu yake?
Jawabu: Kulipa ni wajibu. Na ikiwa alimeza baada ya wakati wa sala kuingia, naye hajasali na ajua hataamka, ana dhambi pia. Basi na asali Isha kwanza, na aweke mtu wa kumwamsha Alfajiri.

Suali: Katika Ramadhani atafanyaje?
Jawabu: Kumeza mchana hufunguza. Amwendee tabibu kabla ya mwezi kuandama, amtazamie kama vipimo vyaweza kupangwa baina ya futari na daku. Kama haiwezekani, na kukosa kwamdhuru, huyo ni mgonjwa mwenye ruhusa ya kula. Asikate dawa kwa ghafula kwa kisingizio cha saumu.

Suali: Yafaa kumpa jirani vidonge vilivyobaki?
Jawabu: Haifai. Mzee huanguka akavunjika nyonga. Mwenye kunywa ulevi au dawa kali za maumivu akivichanganya pumzi zake zaweza kukatika. Na aendeshaye motokaa husinzia akaua watu.

Suali: Na hofu yenyewe itatibiwa kwa nini?
Jawabu: Kwa dua na dhikri, na pamoja nazo kwa tabibu. Ziko dawa nyingine ambazo matabibu huzitanguliza kwa hofu ya muda mrefu, na iko tiba ya mazungumzo na mjuzi wa nafsi, iliyo karibu na njia ya al-Balkhi. Na apunguze kahawa na aache miraa, kwani huongeza mbio za moyo. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiagiza talbina, uji wa shayiri, kwa waliofiwa, kwa alivyosikia kwa Mtume ya kwamba huuburudisha moyo wa mgonjwa.

KHATIMA

Muhtasari wa somo ni huu: asiyehitaji vidonge hivi asivianze, aliyevihitaji avitumie siku chache kwa amri ya tabibu, aliyekwisha kuvizoea asidumu navyo kwa uvivu wala asivitupe kwa hamaki, bali ashuke daraja kwa daraja. Na jamaa zake wawe wasaidizi wake, wasiwe mahakimu juu yake. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Kiislamu, wa mwili na wa nafsi. Amin.

Wallahu aalam.