Mjomba anataka sahihi yangu

*Shangazi, nilirithi hisa za marehemu mama katika kampuni ya wenyeji iliyonunua mashamba zamani. Wakurugenzi wote ni wanaume, na miaka inapita bila gawio. Sasa wanawake wawili wanawania viti vya bodi. Mjomba, ambaye ni mkurugenzi, ameniletea fomu ya proksi nitie sahihi. Anasema wanawake wakiingia, gawio tulisahau kabisa. Nikikataa ataona nimemdharau. – Mwanahisa, Kalimoni, Juja*

Mwanangu, hebu itoe hiyo fomu uitazame vizuri. Pale pa jina la atakayekupigia kura pameandikwa nani? Kwenye kila azimio umewekewa nafasi ya kuchagua ndiyo au la, na nani ameijaza? Ikiwa kote ni kutupu, ukitia sahihi mjomba ataitumia kura yako apendavyo. Mwambie kwa adabu: "Asante kwa kunifikiria, mjomba, ila mwaka huu nitafika mwenyewe." Hapo hujamdharau mtu.

Hayo ya wanawake kuua gawio sijui ameyatoa wapi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu kampuni za Marekani ulikuta kinyume: bodi zenye wakurugenzi huru wengi zaidi wa kike zilielekea kutoa gawio kubwa zaidi, hasa kwenye kampuni zenye usimamizi dhaifu. Si ajabu. Pesa zikishafika mifukoni mwa wenye hisa, wakubwa hawana cha kuchezea.

Lakini Marekani si Juja, na mwanamke aliyeingizwa bodini ili picha ipendeze ataitikia tu kama wenzake. Wabane hao wawili kabla ya mkutano. Watadai hesabu zilizokaguliwa? Ploti zikiuzwa, watataka kuonyeshwa pesa zimeingia akaunti gani? Posho za vikao je, watazitaja mbele yenu, au nao wanazimezea mate? Anayebabaika usimpe kura, hata kama mnaimba naye kwaya moja.

Tena kukosa gawio si wizi kila mara. Gawio hutoka kwenye faida. Bodi hupendekeza, nanyi wanahisa mkapitisha. Mei 2020, korona ikiwa imeshabisha hodi, benki ya Equity iliondoa gawio la Sh2.50 kwa kila hisa ambalo bodi ilikuwa imeshapendekeza, ikataka kubaki na akiba. Huenda wenye hisa walinuna, lakini sababu waliambiwa waziwazi. Nyinyi mmeambiwa nini miaka yote hii, zaidi ya kupewa soda na mkate?

Jambo moja hukuligusa, nalo ndilo linalonitia wasiwasi: daftari la wanahisa lina jina lako au la mama? Kama bado ni la mama, wanaweza kukuzuia mlangoni siku ya kura. Pita ofisi ya katibu wa kampuni wiki hii na cheti cha kifo na hati za mirathi kutoka mahakamani, uandikishwe. Ukiwa huko, uliza kama kuna gawio la zamani ambalo mama hakuchukua. Huenda lilishapelekwa UFAA, mamlaka ya serikali inayotunza mali za kifedha zisizodaiwa, na mrithi ana haki ya kulidai.