Kipi cha Daftari, Kipi cha Kompyuta

Kabla hujafungua laptopu au daftari, jiulize: hii kazi nitaifanyia nini baadaye? Kama ni ya kukaa kichwani, iandike kwa mkono. Kama ni ya kurekebishwa, kutafutwa au kutumwa, ipeleke kwenye kompyuta.

Darasani, shika kalamu. Anayechapa haraka huishia kunakili kila neno la mwalimu. Mkono ni mzito, kwa hiyo unakulazimisha kuchagua la maana. Tena insha za mtihani wa kidato cha nne, uwe wa NECTA au KCSE, ni za kalamu. Ukizoea kuchapa tu, siku hiyo vidole vitakufa ganzi katikati ya swali. Andika insha moja kila wiki huku saa iko mezani.

Hesabu nazo zifanye kwenye karatasi. Hatua zote zionekane.

Tasnifu ya chuo ni habari nyingine. Msimamizi atairudisha mara nyingi kuliko unavyotarajia, kwa hiyo ianzie kwenye kompyuta tangu ukurasa wa kwanza. Vichwa vya sura viwekee Heading 1 na Heading 2 za Word. Usiishie kukoleza maandishi tu. Ukizitumia hizo Heading, programu itakutengenezea orodha ya yaliyomo yenyewe. Wanafunzi wengi huihesabu kwa mkono usiku wa kuamkia kukabidhi, na ni mateso ya bure.

Ukimaliza sura, ichapishe, kaa nayo mbali na skrini, uisome ukiwa na kalamu nyekundu. Makosa uliyoyapita mara kumi utayaona. Ukienda steshenari, peleka PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye mashine ya mwenzio, fonti na kurasa huweza kuhama.

Una duka? Wateja wakiwa wamesimama, tumia daftari. Hakuna anayesubiri Excel ifunguke. Jioni hamishia mauzo kwenye kompyuta: safu ya tarehe, ya bidhaa, ya idadi na ya bei, kila mauzo mstari wake. Kwenye bei andika 5000, usiandike 5000/=. Ukiongeza ile alama, Excel itaichukulia bei hiyo kama neno, na SUM itaruka mstari huo bila kukuambia. Utahangaika kutafuta aliyeiba, kumbe ni alama.

Risiti za mashine ya EFD zipige picha siku ile ile. Karatasi yake huandikwa kwa joto, na maandishi yake huharibika kwa jua na joto. Ukiiacha mbele ya gari juani, utabaki na kikaratasi kisichosomeka. Faili liite kwa kuanza na mwaka, mfano 2025-03-14-mafuta. Mafaili yatajipanga yenyewe kwa tarehe. Ukimtumia mhasibu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, kwani picha ya kawaida hubanwa na tarakimu ndogo hufifia.

Umeme nao haubishi hodi. Zoea kubonyeza Ctrl+S kila unapomaliza aya, hasa kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Flashi usiifanye ghala. Ni ya kubebea tu, na ikizunguka steshenari mbili tatu hurudi na virusi. Nakala nyingine iweke Google Drive. Akaunti ya bure ina GB 15, zinazotosha tasnifu yako na za wenzako.

Vyeti navyo vinahitaji vyote viwili, kompyuta na karatasi. Viskani, halafu nakala halisi iweke kwenye bahasha kavu. Usikipitishe cheti kwenye mashine ya kukifunika plastiki. Siku ofisi itakapotaka kugonga muhuri juu yake, hapatakuwa na pa kugonga.