Mwanamaji Aliyerudi Ghalani: Somo kwa Wenye Biashara za Familia

Andiko la kusoma pamoja kabla ya somo: Mithali 27:23–27



Somo la robo hii linahusu jambo linalozigusa nyumba nyingi hapa Ilula. Mtu anamaliza utumishi wake, awe askari, mwalimu au muuguzi, anapokea kiinua mgongo, kisha anarudi nyumbani kufungua duka la pembejeo, kununua mashine ya kusaga au kuendeleza biashara aliyoiacha baba. Ana nidhamu, ana mtaji na ana nia njema. Lakini mara nyingi mwaka wa pili haujaisha, duka limefungwa na ndugu wanalaumiana. Tatizo huwa ni nini?

Tutajifunza kupitia maisha ya mtu ambaye wazee wetu walimsikia redioni. Jimmy Carter alikuwa Rais wa Marekani kuanzia Januari 1977 hadi Januari 1981, naye ndiye aliyempokea Mwalimu Nyerere mjini Washington mwezi Agosti 1977. Alifariki tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 100. Leo urais wake tunauweka kando. Tunaangalia miaka yake akiwa mwenye ghala la karanga katika mji mdogo wa Plains, jimbo la Georgia.

1. Alichojifunza jeshini

Carter alizaliwa mwaka 1924 katika familia ya mkulima. Mwaka 1946 alihitimu chuo cha maofisa wa jeshi la wanamaji, na mwaka huohuo akamwoa Rosalynn, binti wa mji wao. Alitumikia katika nyambizi, yaani meli za kivita zinazosafiri chini ya maji, kisha akachaguliwa kuingia katika mpango wa nyambizi za nyuklia chini ya Hyman Rickover. Katika usaili, Rickover alimuuliza kama alipokuwa chuoni alijitahidi kwa uwezo wake wote. Carter alijibu kwa ukweli kwamba si mara zote. Akaulizwa: kwa nini hukujitahidi? Hakuwa na jibu, na swali hilo lilimfuata maisha yake yote.

Desemba 1952 kinu cha nyuklia kiliharibika huko Chalk River, nchini Kanada. Carter na kikosi chake walipelekwa kusaidia kukifungua. Kwa sababu ya mionzi, mtu aliweza kukaa ndani kwa takriban sekunde 90 tu. Hivyo walitengeneza mfano wa kinu kwenye uwanja wa tenisi, wakafanya mazoezi ya kila nati mpaka kila mmoja akajua kazi yake. Ndipo wakaingia. Tukumbuke jambo hili tunapoendelea: walijifunza kwanza, wakaingia baadaye.

2. Kurudi nyumbani

Julai 1953 baba yake, Earl, alifariki kwa saratani. Wakati wa ugonjwa, watu wengi, weusi kwa weupe, walifika nyumbani kueleza jinsi mzee alivyowasaidia kimyakimya. Carter aliona kwamba maisha ya baba yake yaliwagusa watu kuliko cheo chake mwenyewe kilivyowagusa. Akaamua kuacha jeshi. Oktoba 1953 walirudi Plains na watoto watatu wadogo.

Uamuzi huo haukuwa wa familia nzima. Rosalynn aliyapenda maisha ya mke wa ofisa na hakutaka kurudi. Njiani alikuwa amenuna, hakusema naye isipokuwa kwa lazima. Walifikia katika nyumba za serikali zilizojengwa kwa watu wa kipato cha chini.

Urithi nao haukuwa mkubwa kama majirani walivyodhani. Mzee alikuwa amewasamehe watu madeni mengi, na mali iliyobaki iligawanywa kwa warithi. Mwaka 1954 ukaja ukame mkali. Wakulima waliochukua mbegu na mbolea kwa mali kauli hawakuvuna, na asiyevuna halipi. Faida ya mwaka ule haikufika hata dola 300.

Hapo tunaona kwamba nidhamu ya jeshi peke yake haioteshi mbegu. Sisi Watanzania tunao ushahidi wetu. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza waliendesha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Walileta askari wengi waliotoka vitani, hata vifaru wakavigeuza kuwa matrekta. Lakini udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji, mvua haikutosha, na waliokuwa wakitoa amri hawakuwa wameijua ardhi kwanza. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Fedha zilikuwepo na amri zilikuwepo. Kilichokosekana ni kujua hali ya shamba.

3. Daftari la Rosalynn

Carter hakuona aibu kurudi darasani. Alihudhuria mafunzo ya wakulima, akawauliza wazee wa pale, akajifunza mbegu bora za karanga, ambazo baadaye zikawa nguzo ya biashara yake. Mbolea aliipakia mwenyewe, gunia kwa gunia. Ofisa wa jana akawa mpagazi wa leo.

Lakini nguzo ya pili ilikuwa mke wake. Rosalynn alianza kwa kufika ofisini siku chache kusaidia hesabu. Hakuwa mhasibu, hivyo alipata vitabu vya kujifunzia, akasoma mwenyewe usiku. Baada ya muda ndiye aliyeijua biashara kwenye karatasi kuliko mumewe. Aliweza kumwambia ni kazi gani inaleta faida, ipi inawachosha bure, na ni nani anadaiwa kiasi gani. Yule mama aliyerudi akiwa amenuna akawa mshirika kamili. Biashara ikasimama, ikakua.

Wapendwa, ni nyumba ngapi hapa kwetu ambamo baba anashika fedha, mama anauza dukani, na hakuna anayeandika? Mama anajua wateja, baba anajua bei ya jumla, lakini hakuna anayejua kama mwezi uliopita walipata au walikula mtaji. Mtu akifariki, madeni yanafariki naye, na mjane anabaki kuambiwa maneno tu.

4. Wateja walipomtaka abadilike

Baada ya mahakama kuu ya Marekani kukataa ubaguzi mashuleni mwaka 1954, wazungu wa kusini waliunda mabaraza ya kutetea ubaguzi. Carter aliombwa kujiunga. Ada ilikuwa dola 5, na wenzake wakajitolea hata kumlipia. Alikataa. Baadhi ya wateja wakasusia ghala lake. Kwa mfanyabiashara wa mji wa watu mia chache, kususiwa ni jambo la hatari sana. Hata hivyo hakujiunga, na baada ya muda wengi walirudi, kwa kuwa huduma yake ilikuwa nzuri.

Mwaka 1965 kanisa lake lilipiga kura ya kuwazuia watu weusi kuingia ibadani. Carter, aliyekuwa shemasi, alisimama akapinga. Waliopiga kura upande wake walikuwa 6 tu, wengi wao wa nyumba yake mwenyewe. Tusimfanye malaika: alipokuwa mjumbe wa bodi ya shule katika miaka ya 1950, hakuupinga ubaguzi wa shule waziwazi. Lakini palipokuwa na ada ya dola 5 na kura ya kanisa, hakukubali duka limfundishe imani yake.

5. Ghala bila mwenyewe

Alipoingia Ikulu mwaka 1977, Carter alikabidhi biashara kwa mdhamini, ili isionekane kwamba rais anajinufaisha. Nia ilikuwa safi. Kwa utaratibu huo hakuruhusiwa kufuatilia mambo ya ghala. Miaka ya ukame ikafuata, usimamizi ukalegea. Aliporudi nyumbani mwaka 1981 alikuta deni la karibu dola milioni 1. Ghala lililojengwa kwa zaidi ya miaka 20 likauzwa ili kulipa. Ardhi ya familia ilisalia.

Kwa hiyo daftari lililookoa biashara ndilo lililokosa macho ya wenyewe baadaye. Mali haiangalii ulikuwa nani. Inaangalia kama unaijua hali yake.

Inafaa kuongeza kwamba tabia ya kuhesabu haikumwacha. Kituo alichokianzisha na Rosalynn mwaka 1982 kiliongoza vita dhidi ya mnyoo wa Guinea. Mwaka 1986 walikadiriwa wagonjwa milioni 3.5 kwa mwaka. Mwaka 2023 walikuwa chini ya 20 duniani kote. Kazi hiyo ilifanywa kwa maji safi, elimu, na watu wa kujitolea vijijini walioandika kila mgonjwa mmoja mmoja.

Kwetu Ilula

Mkulima wa nyanya wa hapa anajua mambo haya kwa uchungu. Analima kwenye vinyungu au kwa umwagiliaji, anakopa dawa na mbolea dukani, anasubiri bei ya tenga barabarani. Dalali akishusha bei, mkulima hamlipi mwenye duka, na mwenye duka hamlipi muuzaji wa jumla. Mnyororo mzima umefungwa na daftari moja, au na kukosa daftari. Hivyo tunashauri:

- Anayepokea kiinua mgongo akae msimu mzima akijifunza biashara kabla ya kuweka fedha zote.
- Mume na mke wote waione hesabu, angalau mara moja kwa wiki.
- Madeni yaandikwe kwa jina, tarehe na sahihi. Deni linalosamehewa nalo liandikwe, ili huruma isigeuke ugomvi wa warithi.
- Anayeachiwa biashara atoe taarifa kwa familia, hata kama ni ndugu wa damu.

Kwa wafadhili wetu: mtaji unaotolewa bila mafunzo ya hesabu ni mbegu iliyomwagwa Kongwa. Mkisaidia kikundi, saidieni pia mtu wa kukifundisha kuandika.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika familia yako, ni nani anayejua madeni yote, ya kudai na ya kudaiwa? Akiondoka leo, nani atajua?
2. Earl Carter alisamehe madeni. Je, mwenye duka anaweza kuwa na huruma bila kufilisika? Kwa njia gani?
3. Je, kuna jambo ambalo wafanyabiashara wa usharika wetu wananyamazia kwa kuogopa kupoteza wateja?
4. Miradi ya usharika, kama mashine au shamba, ina daftari? Lilisomwa mbele ya waumini mara ya mwisho lini?

Jibuni swali la nne kwanza. Mjumbe mmoja alete daftari hilo kwenye kikao kijacho, lisomwe mbele ya wote.