Ghala Ndani ya Kishikwambi: Namna ya Kubadilisha Diski Bila Kupoteza Kazi

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa walimu wa Tanzania. Leo walimu na wanafunzi wengi huweka katika vyombo hivi maandalio ya masomo, alama za mitihani na kumbukumbu za miaka mingi. Hifadhi inapojaa, swali huzuka: je, yawezekana kuitoa diski ya ndani na kutia iliyo kubwa zaidi? Jibu ni kwamba wakati mwingine yawezekana. Lakini anayeanza kwa bisibisi kabla ya kuielewa diski aweza kupoteza kazi yake yote. Katika makala haya tutaeleza diski hiyo ni nini, na kazi ifuate utaratibu gani.

Diski isiyozunguka

Ingawa twaiita diski, ndani ya kishikwambi hamna kisahani kinachozunguka. Kilichomo ni vipande vya silikoni vyenye kumbukumbu ya aina iitwayo flashi, ambayo Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba ya Japani, aliitangaza mwaka 1984. Kila kipande kina mabilioni ya transista. Katika kila transista pamo sehemu ndogo iliyozungukwa na kihami. Elektroni zikisukumwa humo kwa nguvu ya umeme, hunaswa, nazo hubaki hata umeme ukizimwa. Kompyuta husoma habari kwa kupima kiasi cha elektroni zilizonaswa.

Hapa tunapata mafunzo mawili. Kwanza, diski ikitolewa katika chombo, habari zake hazipotei papo hapo. Pili, kila tendo la kufuta na kuandika upya hukichakaza kihami kidogo kidogo. Kwa hiyo hakuna diski idumuyo milele.

Je, chombo chako kina mlango?

Katika vishikwambi vilivyo vingi, zikiwemo iPad zote, kumbukumbu hulehemewa juu ya bamba kuu la saketi. Hiyo haibadilishwi kwa bisibisi. Mwenye chombo cha namna hiyo atazame kama kina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, au ahamishie mafaili yake katika diski ya nje.

Vipo vichache vilivyoundwa kwa namna nyingine. Surface Pro 7 ya kampuni ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2019, ina diski iliyolehemewa. Surface Pro 7+, iliyotoka mwaka 2021, ina diski inayotoka, iliyofichwa nyuma ya mlango mdogo mgongoni. Kwa nje vyombo hivi viwili vyafanana mno. Basi umbo si ushahidi. Lisomwe jina kamili la chombo kabla ya kununua chochote.

Utaratibu wa kazi

Tuchukue Surface Pro 7+ kuwa mfano. Microsoft yenyewe yaagiza kazi hii ifanywe na fundi mwenye ujuzi. Hata hivyo mwenye chombo yampasa ajue hatua zake.

1. Nakili mafaili yote katika diski ya nje, kisha uyafungue machache katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha kwamba yanasomeka.

2. Andika ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Mara nyingi habari za diski huwa zimefungwa kwa maandishi ya siri, na ufunguo wake hukaa katika bamba kuu la chombo. Diski hiyo ikipelekwa katika kompyuta nyingine, bila tarakimu hizo haisomeki, ingawa elektroni zote zingali mahali pake.

3. Tayarisha kifaa cha USB chenye programu ya kurudishia mfumo wa Windows.

4. Zima chombo kabisa, uchomoe chaja, na uguse chuma kilichounganishwa na ardhi. Umeme tuli wa mwili waweza kufikia maelfu ya volti na kuharibu transista pasipo wewe kuhisi lolote.

5. Fungua mlango kwa pini, ondoa skrubu moja kwa bisibisi yenye ncha ya nyota, uvute diski taratibu. Diski mpya iwe ya kipimo kile kile: upana milimita 22, urefu milimita 30.

6. Funga, kisha washa chombo kwa kutumia kifaa cha USB huku ukibana kitufe cha kupunguzia sauti, usimamishe mfumo upya na kurudisha mafaili.

Diski ya zamani isitupwe ovyo, kwa sababu alama za wanafunzi zingali ndani yake.

Mbona imepungua?

Wengi hudhani wamepunjwa wanaponunua diski ya gigabaiti 256 na kompyuta ikaonyesha 238. Muuzaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows hugawanya kwa 2 kwa kipeo cha 30, yaani 1,073,741,824. Basi:

256,000,000,000 ÷ 1,073,741,824 = 238.4

Baiti ni zile zile. Kilichobadilika ni kipimo.

Maswali ya kujipima

1. Diski ya gigabaiti 512 itaonyeshwa na Windows kuwa na kiasi gani?

2. Mafaili ya gigabaiti 120 yananakiliwa kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde. Kazi itachukua dakika ngapi, ikiwa gigabaiti 1 ni megabaiti 1,000?

3. Bamba kuu la chombo limeungua, lakini diski ni nzima. Eleza kwa nini mwenye chombo aweza kushindwa kuyapata mafaili yake, na hatua ipi ingemwokoa.

Majibu ya maswali mawili ya kwanza: 476.8, dakika 20. Swali la tatu lijadiliwe darasani.